Kizibao Nilichomnunulia Mdogo Wangu

Ndugu msomaji, huenda ukaona ajabu kwamba ukurasa huu, ambao kwa desturi huzungumzia karo za shule, bei ya unga na malezi ya watoto, leo unazungumzia nguo ya kuvaa baharini. Nakuomba usiufunue haraka. Ikiwa nyumbani kwako yupo kijana anayetafuta riziki ufukweni, au wapo watoto wanaovuka maji kila sikukuu kwenda kumwamkia bibi yao, basi jambo hili lakuhusu; na kosa nililolifanya mimi waweza kulifanya hata wewe, tena kwa nia njema kama ilivyokuwa yangu.

Mdogo wangu wa mwisho anafanya kazi Paje, pwani ya mashariki ya kisiwa cha Unguja. Alikwenda huko kubeba vifaa vya wageni wanaocheza na upepo. Akatazama, akajaribu, akafundishwa. Leo ni msaidizi wa walimu, na yeye mwenyewe hucheza mchezo mpya ambao vijana wa huko huuita wingi-foili. Jina hilo halina uhusiano wowote na wingi wa kitu. Ni Kiingereza kilichozoeshwa midomo yetu, na mimi nitauita mchezo wa bawa.

Ulianza kuenea ulimwenguni mnamo mwaka 2019. Mchezaji husimama juu ya ubao mfupi, mikononi ameshika bawa la kitambaa lililojazwa upepo kwa pampu. Chini ya ubao umefungwa mlingoti wa kaboni au alumini, urefu wake sentimita 80 hivi, na mwisho wa mlingoti huo ndani ya maji yako mabawa mawili madogo, kama ya ndege. Hiyo ndiyo foili. Upepo ukishika na kasi ikipanda, foili huinua ubao wote juu ya maji, na kijana huonekana akipita hewani bila kelele, miguu yake haigusi bahari. Ni kitu cha kupendeza mno kukitazama. Lakini kumbuka kwamba foili ni ngumu na kingo zake ni kali, na ya kwamba kijana anapoanguka kwa mwendo wa kilomita 30 kwa saa, foili huanguka naye, wala haichagui pa kuangukia.

Mama yetu aliuona mchezo huo kwa mara ya kwanza katika simu yangu. Mama ni mzaliwa wa Dodoma, na maji mengi aliyoyazoea utotoni ni yale ya kisimani. Tangu usiku wa kuamkia tarehe 10 Septemba 2011, meli ya MV Spice Islander I ilipozama njiani kutoka Unguja kwenda Pemba, amekuwa hataki kusikia habari za bahari. Alitazama ile picha mpaka mwisho, akanirudishia simu, akauliza neno moja tu:

"Akianguka?"

Nikamjibu kwamba atavaa kizibao cha kuokolea. Mama akaingia chumbani, akatoka na shilingi elfu ishirini zilizofungwa kwenye ncha ya kanga. "Basi mnunulie wewe. Yeye atanunua viatu."

Sikwenda mbali. Katika soko moja la mitumba hapa Dar es Salaam nilikikuta kizibao cheusi, kinene, chenye zipu mbele na michoro myekundu ubavuni. Kilikuwa kizuri kweli kweli. Nilikibonyeza, nikaona ni sponji tupu ndani yake, nikajiambia kwamba sponji huelea. Muuzaji naye hakuniacha nifikiri: "Dada, hii ni laifu jaketi ya Ulaya. Haizami hata ukiifunga jiwe." Nikatoa elfu thelathini na tano, nikiongezea juu ya zile za Mama. Jioni ile ile nikampigia simu, nikamwambia alale usingizi, mwanawe sasa yu salama.

Mimi ni mwandishi wa habari. Kazi yangu ni kusoma na kuuliza. Siku ile sikusoma wala sikuuliza.

Nilipofika Paje, mdogo wangu alinishukuru kwa adabu zote, kisha akakigeuza kizibao ndani nje akitafuta kitu. Alikipata chini ya kwapa: kipande cha kitambaa chenye maandishi ya Kiingereza yaliyofifia. Akasoma kimya, akanitazama, akasema polepole, "Dada, hapa wameandika kwamba hiki si kifaa cha kuelea."

Nilibisha. Nilisema sponji ni sponji. Karibu yetu, kwenye kivuli cha mkungu, alikuwapo mzee mmoja mvuvi akitengeneza nyavu zake, naye alikuwa amesikia yote. Nilimwamkia, akaitikia, akaomba apewe kile kizibao akakipima kwa mkono.

"Mwanangu," aliniambia, "sisi hatulipimi boya kwa macho. Boya hupimwa kwa chubwi. Lifunge uzito, ulitie majini, litasema lenyewe."

Basi tukaenda dukani kuazima mawe ya mizani, lile la kilo moja na mawili ya kilo mbili mbili. Nyuma ya nyumba palikuwa na pipa la maji. Tulifunga jiwe la kilo moja, kizibao kikaelea. Tukafunga la kilo mbili. Kizibao kilisitasita kidogo, kikainama upande mmoja, kikashuka mpaka chini ya pipa na kutulia huko na michoro yake myekundu. Watoto wa jirani waliokusanyika wakacheka sana. Mimi nilikuwa nikikumbuka niliyomwambia Mama.

Sasa, ndugu msomaji, niruhusu nikueleze kile ambacho ningepaswa kukijua kabla ya kufungua mkoba. Vizibao vya michezo ya baharini ni vya namna mbili zinazofanana kwa sura. Cha kwanza ni cha kukinga pigo. Hiki kimetengenezwa ili mbavu zisivunjike mtu anapoangukia ubao au anapopigwa na foili. Kuelea kwake ni bahati tu, na vingi havikupimwa kabisa kwa jambo hilo. Cha pili ni cha kuelea, ambacho kimepimwa, na kipimo chake kimeandikwa kwenye lebo. Vipo vichache vinavyofanya kazi zote mbili, navyo ndivyo hasa vinavyomfaa mchezaji wa bawa. Unene hausemi lolote. Kile changu cheusi kilikuwa kinene.

Kipimo cha kuelea huandikwa kwa nyutoni. Usiogope neno hilo. Nyutoni 10 ni sawa na nguvu ya kubeba kilo moja hivi ndani ya maji. Mtu mzima, kwa kuwa mwili wake mwingi hubebwa na maji yenyewe, huhitaji msaada wa kilo tatu hadi tano na nusu tu ili kichwa kibaki juu. Kutokana na hesabu hiyo, kanuni ya kimataifa iitwayo ISO 12402 imeweka ngazi nne: 50, 100, 150 na 275. Ngazi ya 50 ni ya mtu ajuaye kuogelea, aliye karibu na pwani au karibu na msaada. Ile ya 100 ni kwa maji yaliyokingika, na ya 150 ni kwa bahari kuu. Hiyo ya 275 ni ya watu wanaofanya kazi mbali baharini wakiwa wamevaa mavazi mazito. Kizibao changu, kwa ushahidi wa lile pipa, hakikufikia hata 20.

Hapo nilifanya kosa la pili, na nadhani wengi wangelifanya. Nilisema: maadamu wingi wa nyutoni ndio usalama, basi na avae lile jaketi okozi kubwa la rangi ya machungwa, la kama melini. Mdogo wangu hakubishana nami. Aliazima moja kwenye mashua ya jirani, akalivaa, akaingia majini na ubao wake huku nikimtazama.

Ilikuwa saa ya maji kujaa. Alijaribu kulala kifudifudi juu ya ubao ili apande, lakini yale mapande ya kifuani yakamwinua kama mtu aliyelalia magunia, akateleza. Akajaribu tena, akateleza tena. Alipofanikiwa kupiga magoti, upepo ulimnyang'anya bawa likamwangukia kichwani, na badala ya kuzama kidogo apite chini yake atokee upande wa pili, alibaki pale pale juu kama boya, amefunikwa, akipapasa. Alirudi pwani amechoka kabla hajacheza. "Dada," alisema akihema, "baharini kuchoka nako ni hatari. Na foili ikinijia, lazima niweze kuikwepa kwa chini."

Nilikuja kuelewa hivyo kwamba kifaa kinachomwokoa abiria wa meli, ambaye kazi yake ni kungoja, chaweza kumtesa mtu ambaye wokovu wake ni kupanda tena juu ya ubao wake. Ndiyo sababu ngazi ya 50 ndiyo inayochaguliwa kwa mchezo huu. Hata vile vya kujijaza gesi vyenyewe vikilowa havifai hapa, kwa kuwa mchezaji huyu huanguka mara ishirini kwa siku, na foili hutoboa.

Kwa nini basi ahitaji kizibao, mtu ajuaye kuogelea, katika maji ya Paje ambayo wageni huyasifu kwa utulivu? Swali hili lilinisumbua mpaka nilipoyatazama maji yenyewe. Mwamba wa nje huyavunja mawimbi, na ndani yake maji ni kama ya bakuli. Lakini yakipwa hukimbia mbali sana. Akina mama hutembea kwa miguu hadi kwenye mashamba yao ya mwani, kati ya vigingi na kamba. Foili yenye mlingoti wa sentimita 80 haiwezi kupita hapo. Hutaka kina. Kwa hiyo mcheza bawa hutoka maji yakiwa yamejaa, na hutoka mbali zaidi kuliko wenzake, kuelekea mwamba. Upepo wa Kaskazi au wa Kusi ukimkatikia huko, bawa lililokuwa likimvuta hugeuka mzigo, nayo maji yakianza kupwa huenda nje kwa kupitia milango ya mwamba. Hapo mwogeleaji hodari huanza kuhesabu mapigo ya mikono. Kizibao cha nyutoni 50 ndicho kinachompa nafasi ya kupumzika kati ya pigo na pigo.

Tulikitafuta kipya. Bei yake ilikaribia mara sita ya kile cha mtumba, na nakiri kwamba nilisita. Hapa niseme neno kwa wafanyakazi wenzangu: mahali anapofanya kazi mdogo wangu palikuwa na vizibao vizuri vya wageni, lakini vya wasaidizi havikutosha, na vijana walikuwa wakiona haya kuuliza. Kifaa cha kinga cha mtu aliye kazini ni deni la mwajiri, kiwe ni buti za mjenzi au kizibao cha msaidizi wa baharini. Walipoelezwa kwa utaratibu walikubali kulipa nusu. Wangeombwa mapema wangelipa mapema.

Safari hii nilisoma lebo kwanza. Iliandikwa ISO 12402-5, nyutoni 50, pamoja na uzito wa mvaaji na kipimo cha kifua. Nilijifunza kwamba herufi za kikubwa na kidogo hazina maana sana. Kifua hupimwa kwa futi ya fundi cherehani. Wenzetu wa nchi za baridi hupimia juu ya nguo nene za mpira. Sisi hupimia juu ya fulana nyepesi, na kizibao kikubwa kwa Paje ni balaa, maana majini hupanda juu na kumfunika mtu masikio. Jaribio lake ni rahisi nawe waweza kulifanya dukani: mvaaji afunge kila kitu, ainue mikono, na mwingine ashike mabega ya kizibao avute juu. Kikifika kidevuni, kirudishe.

Zipu iwe ubavuni kama inawezekana, kwa sababu ya mbele humchoma kifua kila alalapo juu ya ubao. Mikono izunguke bila kukwama, kwa kuwa bawa hushikwa juu saa zote. Ukikinunua cha mtumba licha ya haya yote, kibonyeze sponji yake: iliyokauka ikawa ngumu, au ikibonyea isirudi, imekwisha kupoteza sehemu ya nguvu yake hata kama lebo yasema 50. Jua na chumvi huila. Baada ya kazi kisuuzwe kwa maji baridi na kuanikwa kivulini, wala kisikaliwe.

Kuhusu rangi tuligombana. Kijana alitaka cheusi. Kwa hakika vingi vyauzwa vyeusi, nami sijui ni nani aliyewashawishi vijana kwamba kuonekana ni aibu. Nilimpeleka ufukweni nikamwambia anionyeshe kichwa cha mwenzake aliyekuwa kule karibu na mwamba. Alitafuta kwa muda. Tukachukua cha manjano.

Kilipofika, yule mzee mvuvi hakungoja kuambiwa. Alikuwa amekwisha kwenda mwenyewe kuazima mawe. Tulifunga yote mawili ya kilo mbili mbili, kizibao kikaelea. Tukaongeza lile la kilo moja, zikawa kilo tano za chuma, nacho kikakataa kuzama. Ni kweli kwamba chuma hupungua uzito kidogo kikiwa majini, na pipa si maabara; lakini nilipata faraja ambayo lebo peke yake isingenipa.

Faraja hiyo haikukamilika, nami sitaki kukuficha. Kizibao cha nyutoni 50 humsaidia mtu mwenye fahamu zake. Foili ikimpiga kichwani akazirai huku uso ukitazama chini, hakitamgeuza. Kumgeuza mtu uso juu ni kazi ya ngazi ya 100 na kwenda juu, ambazo tumekwisha kuona haziwezekani kwenye ubao huu. Hakuna kizibao chochote, cha bei yoyote, kitakachojaza pengo hilo. Hujazwa na kofia ngumu kichwani, na mtu mwingine aliye karibu.

Kwa watoto na abiria hesabu ni nyingine kabisa, wala usichanganye. Mtoto anayevuka kwa boti avae jaketi okozi lenye kola ya kumshika kichwa, la ngazi ya 100 walau, lililoandikwa uzito wake yeye, na lenye mkanda wa kupita kati ya miguu ili asichomoke. Usimnunulie kubwa "atakue nalo", kama tufanyavyo kwa sare za shule. Na yale maputo ya mikononi ni vichezeo.

Nilibaki na jambo moja gumu, nalo lilikuwa simu. Nilimwambia Mama kwamba kile cha kwanza hakikuwa kizibao cha kuelea, ya kuwa nilimdanganya bila kukusudia, na kwamba sasa kimepatikana cha kweli. Nilitumaini habari ingeishia hapo. Mama hakusoma zaidi ya darasa la saba, lakini maswali yake hayapungui.

"Na akizirai, hicho kitamgeuza?"

"Hapana, Mama."

Alinyamaza muda mrefu, hata nikadhani simu imekatika. Kisha akauliza ni nani hutoka naye. Nikampa simu mdogo wangu, naye akamtaja mwenzake, kijana wa Jambiani. Mama hakuridhika na jina. Alitaka kuzungumza naye mwenyewe, na walizungumza, kwa kadiri nilivyosikia, habari za wazazi wa kijana huyo, kabila la bibi yake, na kama hunywa chai kabla ya kuingia majini.

Kile cheusi alikichukua mzee mvuvi. Hukikalia kivulini atengenezapo nyavu, na asema kinamfaa kiuno. Mama naye, siku ambazo redio inatangaza upepo mkali pwani, huchukua simu asubuhi na mapema. Hampigii mwanawe. Humpigia yule wa Jambiani, na kabla hata ya salamu kumalizika humwuliza, "Leo mnatoka wawili?"